Saa ya Kufika Nanenane

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna Kunduchi Wet 'n' Wild wala Fun City ya Kigamboni. Mtoto wa Mbeya, Iringa au Njombe akitaka kuzungushwa kwenye bembea mpaka apige kelele, akitaka kumwona simba kwa macho yake na siyo kwenye kitabu cha shule, anasubiri Agosti. Kuanzia tarehe 1 hadi 8, viwanja vya John Mwakangale pale Uyole vinageuka mji. Kwenye karatasi haya ni maonesho ya wakulima, na kilele chake ni sikukuu ya Nanenane. Wakulima wapo kweli: matrekta yapo, mbegu zipo, ng'ombe wa maziwa wapo, wamesafishwa mpaka wanang'aa. Lakini muulize mtoto aliyetoka huko jana ameona nini. Hatakutajia trekta. Atakutajia simba, bembea na chipsi.

Foleni hatakutajia yeye. Atakutajia mtu mzima aliyempeleka.

Nimeripoti maonesho haya kwa misimu saba. Kila ikifika mwisho wa Julai, simu yangu inaanza kupokea ujumbe wa aina moja, kutoka kwa jirani, kwa watu niliosoma nao, hata kwa fundi wangu wa nguo: "Dada, wewe unapajua pale. Twende siku gani? Tufike saa ngapi?" Hakuna anayeniuliza kuhusu kaulimbiu ya mwaka. Wanataka saa tu. Na kwa kuwa kazi yangu ni kusimama pembeni nikiangalia watu, saa ninazo.

Tuanze na siku. Tarehe 1 na 2 mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari, na unaweza kumkuta mtaalamu wa kilimo amepanda ngazi anafunga bendera. Tarehe 7 na 8 ni siku za wageni wakubwa. Mwaka 2022 na 2023 kilele cha kitaifa kilifanyika hapa hapa Mbeya na Rais Samia Suluhu Hassan akaja miaka yote miwili. Siku ya namna hiyo inakuwa na ukaguzi getini na umati wa watu waliokuja kumwona Rais, siyo kuona mbegu. Kama lengo lako ni kutembea kwa nafasi, siku zako ni tarehe 3 hadi 6. Humo ndani ondoa Jumamosi na Jumapili.

Halafu saa. Saa mbili asubuhi viwanja ni vyeupe, wenye mabanda ndiyo kwanza wanamwagia vumbi maji. Saa nne yanaanza kuingia mabasi ya shule, watoto wameshikana sweta wasipotezane. Saa tano zinafika Coaster za wilayani, kutoka Chunya, Mbarali, Rungwe, watu waliotoka nyumbani kukiwa bado giza. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa banda la wanyama usiliguse. Saa kumi hali inabadilika ghafla. Walimu wanahesabu watoto, makondakta wanapiga honi, kwa sababu safari ya kurudi ni ndefu na hakuna anayependa kupita milimani usiku na gari lililojaa. Kuanzia hapo mpaka jua linapozama ni saa ya wenyeji.

Tatu, mpangilio. Watu wengi wakishaingia getini wanaanza na kitu cha kwanza wanachokutana nacho. Ndiyo maana mabanda ya mbele yana msongamano asubuhi na ya nyuma yana msongamano mchana. Wewe nenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja, kisha rudi ukielekea getini. Utakuwa unapishana na umati badala ya kutembea nao.

Nne, hesabu. Mwaka 1961 msomi mmoja wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni ambayo mama ntilie yeyote anaijua bila kwenda chuo: muda utakaosubiri ni idadi ya walio mbele yako ugawanye kwa kasi ya wanaohudumiwa. Simama dakika moja pembeni, hesabu. Kama wanaingia watu sita kwa dakika na mbele yako wapo mia na ishirini, utasimama dakika ishirini. Basi amua hapo hapo kama simba anastahili dakika ishirini zako, kabla mtoto hajaanza kulia.

Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayatuma kwenye simu za watu kila mwaka, na yanafanya kazi. Fundi wangu alinishukuru kwa kunipunguzia bei ya gauni.

Agosti iliyopita mama akanipigia. Mama anaishi kijijini karibu na Ifunda, mkoa wa Iringa, ana miaka sitini na saba, na magoti yake yameanza kumgomea. Akaniambia anataka kuja Nanenane. Mambo mawili tu: aone simba, kwa sababu hajawahi, na aulizie mbegu ya maharage. "Nikisubiri mwaka mwingine sijui haya magoti yatasemaje," akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia kusema chumvi imeisha.

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Mama, njoo Jumanne ulale kwangu, Jumatano tufike uwanjani saa moja na nusu asubuhi, tutamkuta simba hana mgeni.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, saa hiyo ni ya watu wenye magoti."

Anayeijua Uyole ya Agosti atamwelewa. Baridi ya pale alfajiri inauma mpaka kwenye kucha. Upepo unashuka kutoka milimani, vumbi linaamka kabla ya watu, na wauza kahawa wanakumbatia birika zao kama watoto. Mtu wa miaka thelathini anavaa koti na kuendelea na safari. Mtu mwenye magoti ya mama anahitaji jua lipande kwanza, viungo vilegee, ndipo aitwe ameamka. Kwa hiyo ile saa nzuri, saa isiyo na foleni, kwake yeye ni saa ambayo mwili haupo. Na mwili unapokuwa tayari, saa nne au saa tano, foleni nayo iko tayari.

Ratiba yangu ya misimu saba ilikuwa imetengenezwa kwa mwili mmoja tu, wa kwangu. Tukaanza kupanga upya, simu kwa simu, siku tatu. Na katika kupanga huko ndipo nilipogundua kwamba kwenye mambo ya foleni mama amenizidi elimu mbali sana.

Wenye umri wake wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha mwaka 1979, mafuta yamepanda bei duniani, hazina imekauka, na madukani hakuna kitu. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, khanga, vyote vilipatikana kwa mgawo na kwa foleni. Watu walipanga foleni bila kujua kimeletwa nini. Ukiona mstari unaunga, utajua mbele ya safari. Na kwa kuwa mtu hawezi kusimama tangu usiku akaacha shamba na watoto, watu waliweka mawe. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unamwonyesha aliye mbele na aliye nyuma, unakwenda kuchota maji. Jiwe linasimama badala yako. Mama anasema mtu aliyesogeza jiwe la mwenzake alionekana mwizi kuliko aliyeiba kuku.

Siku moja jiwe lake lilikuwa la saba. Kaka yangu mkubwa alikuwa mgongoni, ana homa. La saba ni karibu sana, alishaanza hata kuigawa ile sukari kichwani: kiasi cha uji wa mtoto, kiasi cha mkwe. Saa tatu asubuhi ikaja gari, ikazunguka nyuma ya duka. Wakasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, vitu vinapakiwa, gari ikaondoka. Ndipo dirisha la mbele likafunguliwa, mwenye duka akatoa kichwa akasema sukari imeisha. Wale sita wa mbele nao walikuwa hawajapata hata robo. Mama aliokota jiwe lake akarudi nalo nyumbani. Nilimuuliza kwa nini alilibeba. "Lilikuwa jiwe zuri," akasema.

Ninayo methali ya kila upande wa jambo hili. Subira yavuta heri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mstahimilivu hula mbivu, lakini chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wazee walituachia ushauri wa kusubiri na wa kutokusubiri kwa uzito ule ule, na nadhani hawakukosea. Kusubiri penyewe si kitu kibaya wala kizuri. Inategemea kama mlango wa nyuma umefungwa.

Basi tukapanga hivi. Mama atapanda basi la asubuhi pale Ifunda, Jumatano, litapita Mafinga, Makambako, Chimala na Igurusi. Atashuka Uyole mchana, kabla basi halijaingia mjini kwenye msongamano wa malori ya Tunduma. Atakula, atanyoosha miguu kitandani kwangu. Saa tisa mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, atatoka shule. Saa kumi tutakuwa getini, jua bado lina joto na Coaster zinaondoka. Siku hiyo ni simba tu. Maharage ni kesho yake saa nne, kwa sababu umati wa saa nne unakimbilia bembea na wanyama. Kwenye mbegu hakuna anayesukumana.

Tulipofika, foleni ya banda la wanyama ilikuwa na watu kama arobaini. Nikapiga hesabu ya Little: dakika kumi, labda kumi na mbili. Kwangu si kitu. Mgambo aliyekuwa analinda mstari akamwona mama na fimbo yake, akaja mbio kwa adabu: "Shikamoo mama. Pita mbele, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa waliotangulia nao wana miguu."

Mimi nilikuwa na kitambulisho cha waandishi shingoni, ndani ya koti. Mama alikiona mkono wangu unakwenda huko. Akanitazama tu. Nikauacha mkono ukashika kitu kingine.

Naomba nieleweke. Kumpisha mzee ni heshima yetu na nisingependa ife. Yule mgambo alifanya jambo sahihi kabisa, na mzee mwingine angelipokea kwa baraka zote. Lakini mama alishaona jinsi watu wa mbele wanavyoonekana wakitazamwa kutoka nafasi ya saba, na hakutaka kuwa mmoja wao hata kwa haki. Alichotaka kilikuwa kidogo zaidi: akae. Akamgeukia mjukuu wake. "Wewe leo ni jiwe langu. Simama hapa, usisogee mstari usiposogea. Ukikaribia mlango niite." Mtoto akacheka mpaka akajikunja, hajawahi kuitwa jiwe. Muuza kahawa wa pembeni akatoa kigoda chake, mama akaketi upande wa jua, akanunua kashata kulipia kile kigoda.

Jiwe lilipofika mlangoni likaita "Bibi!" Kijana mmoja wa nyuma akaguna, huyu bibi katokea wapi tena? Kabla sijafungua mdomo, mwanamke aliyekuwa mbele yake, ambaye hatumjui, akamjibu bila hata kugeuka: "Nafasi yake ilikuwepo. Hukumwona mtoto?" Yakaishia hapo.

Simba alikuwa amelala muda wote wa mchana, walituambia, lakini baridi ya jioni ilipoanza kushuka aliinuka. Mama alimwangalia kimya, karibu sana na uzio, kwa muda ambao foleni ya saa saba isingemruhusu. Kisha akasema, "Kumbe naye amechoka."

Nilikuwa nafikiria jambo jingine. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko mkoani kwake. Ilianzishwa mwaka 1964, ikaongezwa eneo la Usangu mwaka 2008, ikawa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na simba wamo, wanatembea wapendavyo. Kule getini hakuna foleni ya namna hii. Unahitaji gari la kukufikisha, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa mjini, mafuta, kiingilio, na siku ambayo huna shamba la kupalilia. Mtu wa Ifunda anapanda basi kwenda mkoa mwingine kumwona simba aliye kwenye uzio, akiacha wale huru nyumbani kwao. Tangu siku hiyo naziangalia foleni za Nanenane kwa jicho jingine. Pale ambapo hakuna foleni, mara nyingi ni kwa sababu wengi waliishia njiani kabla ya kufika.

Wenzetu wenye viwanja vikubwa vya burudani wamelitatua suala la saa kwa njia yao. Mwaka 1999 Disney walianzisha utaratibu wa FastPass: unachukua tiketi yenye saa yako, unaendelea na matembezi, unarudi saa hiyo unapita. Haukuwa na malipo ya ziada. Kwa maneno mengine, lilikuwa jiwe. Mwaka 2021 utaratibu huo ulibadilishwa, na anayetaka kupita mstari wa haraka akaanza kulipia. Jiwe likageuka mlango wa nyuma, ila safari hii lina bei iliyoandikwa wazi. Sisemi Nanenane itafika huko. Nasema ukiacha swali la saa bila kujibiwa, mwenye pesa atajibu kwa niaba yako.

Hata sisi hatukulikwepa. Mpango wetu mzuri ulifaulu kwa sababu mama ana mtoto aliyepanga nyumba Uyole. Aliweza kulala, akaweza kuchagua saa kumi. Mama mwingine wa Ifunda ile ile, asiye na mtu Mbeya, lazima aje na kurudi siku moja, kwa hiyo lazima awepo uwanjani saa saba, jua la utosi, foleni imejaa. Siyo kwamba hajui kupanga. Saa zake zimepangwa na basi.

Huwa najiuliza John Mwakangale mwenyewe angesemaje. Ndiye mbunge wa TANU ambaye Nelson Mandela alikuja kukutana naye hapa Mbeya mwaka 1962, akiwa njiani kutoka Afrika Kusini. Mandela anasimulia katika kitabu chake cha maisha kwamba walikuwa hotelini wakimsubiri, kumbe Mwakangale alikwisha kuwaulizia na mhudumu wa mapokezi, mama wa Kizungu, alisahau kuwapa taarifa. Mteja mmoja Mwafrika akamwambia mama yule, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno, kwamba hawa ni wageni wetu, wahudumiwe inavyostahili. Kwa Mandela, aliyetoka kwenye nchi ya ubaguzi, hapo ndipo alipohisi amefika mahali pengine. Mtu alisubirishwa, na raia wa kawaida akaona si sawa, akasema. Nilimkumbuka yule mwanamke wa kwenye foleni aliyejibu bila kugeuka.

Alhamisi saa nne tulikwenda kwenye mbegu. Kituo cha utafiti cha Uyole kimezalisha aina nyingi za maharage kwa miaka mingi, na mama alitaka habari za Njano Uyole: linavumilia vipi ukungu, linaiva kwa siku ngapi, linakula kuni kiasi gani jikoni. Hakukuwa na mtu mbele yetu. Mtaalamu kijana alijibu vizuri, mama akauliza tena kwa namna nyingine, kama anavyofanya sokoni. Baada ya dakika ishirini niligeuka nikakuta watu kumi na mmoja nyuma yetu, wengine wameshaanza kushika viuno.

"Mama, kuna foleni."

"Nimeiona," akasema, akavuta kiti karibu na meza. "Mwanangu, hebu nieleze tena hapo kwenye mbolea."

Kwa hiyo majibu yangu ya kila mwaka nimeyarekebisha. Ukiniandikia Julai kuniuliza ufike saa ngapi, nitakujibu kwa swali: unakuja na nani? Ukija peke yako, saa mbili asubuhi, koti zito, anzia mwisho wa uwanja. Ukija na watoto wadogo, usiku wa kuamkia hapo walale mapema na muwe getini kabla ya mabasi ya shule. Ukija na mtu mwenye magoti kama ya mama, njooni saa kumi jioni, upande wa jua. Na wanaopanga maonesho kokote kule, benchi moja kando ya kila foleni ndefu lingesaidia kuliko kipaza sauti cha tano. Kabla benchi halijaja, beba kigoda.